Max Schreck Adhulumiwa kwa Sifa Moja

Si insafu kumkumbuka Max Schreck, aliyezaliwa Berlin mwaka 1879, kwa zimwi mnyonya damu wa filamu bubu ya Nosferatu ya 1922 peke yake, ilhali sehemu kubwa ya umri wake aliitumia jukwaani, kwanza chini ya mwongozaji Max Reinhardt, kisha katika ukumbi wa tamthilia wa Münchner Kammerspiele, ambako mwaka huohuo wa 1922 aliigiza tamthilia ya Bertolt Brecht, aliyekuwa angali kijana. Wapo waliozua kwamba hakuwa mwanadamu hasa. Uzushi huo wamnyima stahiki yake fundi aliyeweza, pasi na kutamka neno, kuwatia watazamaji hofu kwa vidole na mwendo wake tu. Alifariki München mwaka 1936, na haki yake ni kuitwa mwigizaji.