Kadi za Manila Kabla ya Kompyuta

Katika vyuo vingi somo la TEHAMA linapofikia habari zilizoandikwa kwa XML, huanza na mashine. Mwanachuo huketishwa mbele ya kompyuta, huonyeshwa faili, kisha hufundishwa amri ya kulipakia lote kwa mkupuo mmoja katika kumbukumbu ya mashine, likasimama humo kama mti wenye shina na matawi. Baada ya hapo huambiwa achume alitakalo. Njia hii ni nyepesi, nayo hufurahisha. Hata hivyo sisi tunashikilia kwamba haifai kuwa ya kwanza, hasa kwa mtu atakayekwenda kufundisha watoto, kwani humficha jambo lenyewe analopaswa kulielewa: jinsi habari zinavyopokewa, zinavyoshikwa na zinavyoachwa.

XML ilipitishwa na shirika la W3C mwezi Februari 1998. Ni namna ya kuandika habari kwa kuzizungushia lebo: lebo ya kufungua, maandishi, kisha lebo ya kufunga. Mwezi Mei mwaka huo huo wataalamu wa kujitolea, wakiongozwa na David Megginson, walitoa SAX, yaani utaratibu wa kusoma maandishi hayo tukio kwa tukio. Kichanganuzi cha aina hii hakijengi mti. Hupita katika faili toka juu hadi chini, na kila kinapokutana na jambo hutangaza: lebo ya mwanafunzi imefunguliwa, lebo ya jina imefunguliwa, haya hapa maandishi, lebo ya jina imefungwa. Kikishatangaza hakirudi nyuma. Kazi iliyobaki ni ya mpokezi, ambaye ni ile sehemu ya programu tunayoiandika wenyewe. Asichokishika mpokezi kimepotea. (Mwalimu aliyewahi kusomesha imla anaifahamu hali hiyo barabara.)

Yote haya yaweza kufundishwa pasipo umeme. Huko New Zealand, Tim Bell na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kufundisha misingi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki, na mbinu hiyo imeenea nchi nyingi. Basi mwalimu na aandike orodha ya darasa kwenye kadi za manila, kila kadi lebo moja au kipande kimoja cha maandishi. Mwanafunzi mmoja awe kichanganuzi: asome kadi ya juu kwa sauti, aifunike, wala asiirudie hata akiombwa. Wa pili awe mpokezi, mwenye chaki na mraba mdogo ubaoni, tuseme wa shubiri moja kila upande. Kazi ya kwanza iwe kutafuta wastani wa alama za hisabati.

Mpokezi asiyezoea atajaribu kuandika kila asikiacho, na mraba utajaa kabla ya mwanafunzi wa kumi. Hapo mwalimu aulize: tunahitaji nini hasa? Jumla na idadi. Ni namba mbili tu, wawe wanafunzi 40 au 40,000. Kisha abadili kazi, atake nafasi ya kila mwanafunzi darasani. Sasa mraba hautoshi, maana nafasi haijulikani mpaka alama zote ziwe zimefika. Kwa kazi hizi mbili mwanafunzi hujionea mwenyewe ni lini yafaa kuachilia habari zipite, na ni lini yambidi azitunze zote. Hatusemi kwamba mti ni mbaya. Twasema achaguliwe na mtu ajuaye gharama yake, ambayo ni kumbukumbu mara kadhaa ya ukubwa wa faili lenyewe.

Yapo mambo ambayo kadi huyaonyesha vizuri kuliko kioo cha kompyuta. La kwanza ni maandishi yaliyokatika. Alama 75 na iandikwe katika kadi mbili, 7 kwenye moja na 5 kwenye ya pili. Mpokezi anayefuta ya zamani kila kipande kipya kinapofika atabaki na 5, na mtoto aliyefaulu ataandikiwa kwamba ameanguka. Huu si mzaha wa mwalimu. SAX inakiruhusu kichanganuzi kutoa maandishi ya lebo moja kwa vipande vingi kadiri kinavyoona vema. Dawa yake ni nyepesi: lebo ikifunguliwa, safisha mraba, kipande kikifika, kiunge na kilichotangulia, lebo ikifungwa, ndipo usome kilichomo.

Kisha kuna neno "jina", ambalo laweza kuwa la shule au la mwanafunzi. Mwanafunzi wa tatu atunze rundo: lebo ikifunguliwa aiweke kadi juu, ikifungwa aiondoe. Kadi iliyo chini ya "jina" ndiyo itakayomwambia mpokezi ni jina la nani.

Mwishowe mwalimu afiche kadi moja ya kufunga. Kichanganuzi kitatangaza kosa na kusimama, lakini huenda kimekwisha kutoa majina thelathini. Mpokezi aliyekuwa akiyaandika moja kwa moja katika daftari halisi ameacha daftari nusu. Yafaa ayaweke pembeni kwanza, ayahamishe baada ya kusikia kwamba faili limefika mwisho salama.

Baadhi ya wenzetu hudai kwamba haya ni mambo ya mafundi, hayamhusu mwalimu wa shule ya msingi. Sisi tunaona vingine. Mwalimu huyo ndiye atakayepewa kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu haba. Akijua njia ya mti peke yake, mashine ikielemewa atasema ni mbovu, na kabati litafungwa.

Vipindi viwili vya kadi vyatosha kabla ya kwenda kwenye mashine. Katika lugha ya Python mwanachuo atakuta matangazo matatu makuu yakiitwa startElement, characters na endElement, na aonyeshe kila moja linalingana na kadi gani. Faili la kujaribia liwe kubwa, lenye maelfu ya majina. Katika faili la mistari kumi maandishi hayakatiki kirahisi, na programu yenye kasoro itapita.