Kitovu cha Naruto, kitovu cha Liyongo

Muulize kijana mpenda katuni hapa Ayany, Kibera, Amaterasu ni nani, atakujibu mara moja: ni moto mweusi usiozimika. Na Susanoo? Ni jitu la mwanga linalomkinga aliyeliita. Majina hayo ameyapata katika Naruto, katuni ya Kijapani, kwenye flashi iliyojazwa katika duka la muvi, na huenda hajui kwamba ni majina ya miungu ya Kishinto inayoabudiwa Japani hadi leo. Toleo hili tumelitenga kwa mada ya alama za dini na ngano katika katuni, kwa sababu tunaamini kwamba anayejifunza kuzisoma alama za wenzake atajifunza pia kuzichora za kwao.

Wapo wazazi na wahubiri wanaosema kwamba hayo yote ni mambo ya shetani. Hofu hiyo ina historia kwetu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafika Bungeni mwaka 1999. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anatazama nini. Lakini kumnyang'anya simu hakumfundishi kitu. Akae naye, ajue alama imetoka wapi na inafanya kazi gani ndani ya hadithi, ndipo ahukumu.

Alama hizo hazikuwekwa ovyo. Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712, kinasimulia kwamba Izanagi alipojitakasa kwa maji baada ya kutoka kuzimu, alinawa jicho moja akazaliwa Amaterasu, akanawa la pili akazaliwa Tsukuyomi, akanawa pua akazaliwa Susanoo. Sasa mtazame Itachi, mmoja wa wahusika wa Naruto. Amaterasu na Tsukuyomi ni nguvu za macho yake mawili, na Susanoo huja tu kwa aliyekwisha kuziamsha nguvu za macho yote mawili. Masashi Kishimoto, aliyeichora hadithi hii tangu 1999 hadi 2014, hakusimama kuhubiri Ushinto. Aliufanya kanuni ya mapigano, na wasomaji wakaifuata.

Ndivyo alivyofanya pia kwa Utao. Muhuri uliomfungia mbweha wa mikia tisa tumboni mwa Naruto, ukikizunguka kitovu chake, una jina la zile alama nane za kale za Kichina zinazojengwa kwa mistari ya yin na yang. Na babake Naruto alipomfunga mbweha huyo, aliigawa nguvu yake nusu kwa nusu, ya yin na ya yang.

Ubuddha ndio unaotugusa zaidi hapa Kibera. Pain, adui katika hadithi hiyo, ana miili sita, kila mmoja ukiwa na jina la mojawapo ya njia sita za kuzaliwa upya, kuanzia ya miungu hadi ya jehanamu. Nyuma yake yuko Nagato, yatima wa vita aliyeona kisasi kikizaa kisasi. Wabuddha hufundisha kwamba chuki ni mojawapo ya sumu tatu zinazolizungusha gurudumu la kuzaliwa na kufa. Chuki hiyo tuliiona: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa mtaa huu walichomeana nyumba, reli ikang'olewa, na kote nchini watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Kijana wa hapa anayemwelewa Nagato hajapotoshwa na dini ngeni. Amekutana na jambo ambalo wazazi wake walilipitia.

Nasi tunazo alama zetu. Fumo Liyongo wa pwani hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Siri yake ilikuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe wa kumzaa. Lwanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikaa kivulini, na mke aliyetoka kwa maadui ndiye aliyeifichua siri hiyo. Wachoraji Terry Hirst na Frank Odoi waliuona utajiri huu mapema: mfululizo wa Pichadithi, ulioanza mwaka 1984, ulizitia ngano zetu katika katuni, Lwanda Magere akiwemo. Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefariki Nairobi mwaka 2012, alituachia pia katuni ya Akokhan. Na alama zetu haziko katika ngano tu: kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu yenye fingo, yaani hirizi ya kinga, lililozikwa ardhini, zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008.

Tunachokosa ni kuzichunguza alama hizo hadi ndani. Kumvika shujaa shanga na kumpa ngao hakutoshi. Shanga zisizobadilisha chochote katika hadithi ni pambo tu. Mchoraji ajiulize: kama uhai wa Lwanda Magere umo kivulini, atapenda kupigana saa ngapi? Adhuhuri, kivuli kikiwa kimejikunja miguuni, au jioni kikiwa kimelala uwanja mzima? Na Liyongo, anayejua sindano itakapoingia, atamwamini nani alale mbele yake? Maswali hayo yakijibiwa, kisa kitajiendesha chenyewe.

Basi, mchoraji wa Ayany, wa Kawangware, wa Lamu: nenda kwa wazee, uliza kila ngano ina miiko gani na nini humpata anayeivunja, kisha chora. Mzazi, soma pamoja na mwanao. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi, nasi tunazingoja kazi zenu.