Tusiwanyonge Kuku kwa Kuogopa Mwizi

Ni jambo la kufurahisha kuona kwamba katika kambi nyingi za jeshi na makao ya polisi nchini Uganda, jamaa za askari hawangoji mshahara wa mwisho wa mwezi wakiwa wamekunja mikono. Nyuma ya nyumba pana bustani ya mboga na banda la kuku. Mayai huuzwa, watoto hupata daftari, na askari anayekaribia kustaafu hujizoeza kazi ya kumlisha kesho. Juhudi hizo zastahili sifa.

Lakini yapo makosa tunayoyaona kila tunapotembelea mabanda hayo, nayo yatokana na hofu. Askari amefundishwa kulinda, basi naye hulinda kuku wake kama alindavyo ghala la silaha: mabati pande zote, magunia katika kila tundu, kufuli mlangoni. Sajini mmoja tunayemfahamu alikopa fedha akanunua vifaranga, akawafungia hivyo, na usiku wa mvua akawawekea jiko la makaa ili wapate joto. Alfajiri alipotoka zamu alikuta kufuli ziko salama. Hakuna kifaranga aliyeibiwa. Walikuwa wamekufa wote. Makaa yanapowaka mahali palipozibwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kuku kama iuavyo watu.

Hicho ni kifo cha usiku mmoja. Kuna kingine cha polepole, nacho ndicho kiletacho hasara kwa wengi. Kuku hatoki jasho. Joto likizidi hupanua mdomo na kuhema, na kila pumzi hutoa unyevu. Kinyesi nacho kikilowa hutoa gesi ya amonia, ile iwashayo macho. Wataalamu wa mifugo hushauri isizidi sehemu 25 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Ikizidi huharibu koo na mapafu, na magonjwa ya kifua hupata njia. Hapo mwenye kuku hulaumu chakula au chanjo. Chanjo ya mdondo ni ya lazima, lakini haiwezi kufanya kazi ya hewa safi.

Kwa hiyo yatupasa kupanga hewa kabla ya kununua bati la kwanza. Tuchukue mfano wa kuku 50 wa mayai. Kwa kiasi cha kuku wanne katika kila mita moja ya mraba, watatoshwa na banda la mita 5 kwa mita 2 na nusu. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kuta hizo fupi zizibwe. Kuta ndefu zijengwe kwa matofali hadi kimo cha goti, kisha wavu hadi juu. Paa litokeze nje vya kutosha kuzuia mvua, na chini ya kilele chake iachwe nafasi yenye wavu, kwa maana hewa yenye joto hupanda juu na sharti ipate mlango wa kutokea.

Wapo watakaosema kwamba baridi ya Kabale si joto la Gulu. Ni kweli, na ndiyo sababu twahitaji mapazia ya magunia. Lakini pazia lipandishwe kutoka chini kwenda juu, likinge upepo usiwapige kuku walipolala, na sehemu ya juu ibaki wazi usiku na mchana. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu hustahimili baridi. Aliyelowa katika hewa nzito hastahimili. Vifaranga wahitaji joto zaidi, lakini nao wapewe joto pamoja na hewa.

Na mwizi je? Na nguchiro? Hao huzuiwa kwa wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, uliopigwa misumari imara na kufukiwa ardhini, wala si kwa giza. Kibanda cha mlinzi chenyewe kina dirisha, wala hatujasikia kamanda akiamuru lizibwe ili mlinzi awe salama zaidi.

Methali yatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika banda la kuku, azibaye kila ufa ndiye atakayelipa gharama. Twawaomba makamanda wanaokagua usafi wa makao wasipite banda la kuku bila kuingia, maana harufu yake ni ya majirani pia. Na wewe ndugu askari, kesho kabla jua halijachomoza, ingia bandani mwako, uchuchumae hadi kimo cha kuku, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, au ukiona matone ya maji chini ya mabati, usikimbilie duka la dawa. Chukua nyundo, ufungue ukuta. Kuku wako wamekaa humo usiku kucha wakivuta hewa ambayo wewe hukuweza kuivumilia kwa dakika moja.