Picha ya mtu haipigwi toka ng'ambo ya barabara

GOMA – Wakati kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilijaa watu waliokimbia vita Rutshuru na Masisi, wapiga picha walifika pia. Wapo waliobaki barabarani, lenzi ndefu mkononi. Mama aliyekuwa akiogesha mtoto mbele ya shitingi yake hakuwaona, ama aliwaona wakiwa wamekwisha maliza. Uso wake ukaenda mbali, yeye hakuulizwa kitu.

Na kijana wa Goma anayeanza kazi ya foto huota lenzi ile ile: milimita 70 mpaka 200, ya f/2.8. Ni chombo kizuri, hakuna ubishi. Kwa mpira ama kwa padri aliye mbali kwenye altare, inafaa sana. Lakini ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, ikiwa mpya inaweza kupita bei ya pikipiki, na kwenye kizuizi inaita macho ya watu wenye silaha. Tena, kwa picha ya kichwa na mabega, kwenye milimita 200 mpiga picha anasimama mita nne hivi ama zaidi. Kutoka pale hawezi kusalimia bila kupaza sauti.

Milimita 85 ya f/1.8 ndiyo ingefaa kununuliwa kwanza. Inamweka kwenye mita moja na nusu ama mbili: mbali ya kutosha ili pua isivimbe kama simu ikisogezwa usoni, karibu ya kutosha ili mama akisema hapana, isikike. Mwenye pesa kidogo na apareyi ya sensa ndogo achukue milimita 50 ya f/1.8. Bei yake ni ndogo, na kwenye apareyi hiyo inaona karibu kama ile 85.

Kisha kuna mwanga. Kwenye f/1.8 unaingia karibu mara kumi kuliko kwenye f/5.6, pale inapofika lenzi ndogo inayouzwa pamoja na apareyi ikivutwa mpaka mwisho. Darasani wanamolala familia sita bila umeme, hiyo ndiyo tofauti kati ya uso na kivuli. Flashi inashtua watoto. Afadhali mtu akae mlangoni, nuru imguse upande.

Hapa lakini vijana wengi wanakosea. Wanaacha lenzi kwenye f/1.8 kila mara ili nyuma pafutike. Kwa mita mbili, 85 ikifunguliwa hivyo inashika sentimita sita tu: jicho ni safi, sikio limepotea. Kwa arusi, sawa. Kwa mtoto aliyepoteana na wazazi njiani, ambaye picha yake itaonyeshwa huku na kule ili ndugu wamtambue, ni kosa kubwa. Kovu, masikio, hata shati, vyote vionekane. Apigwe nje, asubuhi, kwa f/4 ama f/5.6.

Zipo pia lenzi za pekee. Ile ya kulainisha uso inafuta mikunjo ya bibi aliyetembea toka Bunagana, na yeye hakuomba ifutwe. Kama pesa inabaki, bora makro ya milimita 100. Inapiga uso vizuri, na inaweza kunakili ile picha ya karatasi iliyofungwa ndani ya kitenge wakati wa kukimbia. Kwa familia fulani, hiyo tu ndiyo iliyobaki ya marehemu.

Watasema mwandishi wa habari hana muda wa kuomba ruhusa, vita haingoji. Risasi zikilia, ni kweli. Lakini mama aliye kwenye foleni ya maji na bidoni mbili yuko pale tangu alfajiri, na atakuwa pale bado saa sita.