Moduli Kwanza, Ngeli Baadaye: Funzo Kutokana na Programu Ipangayo Madirisha

Mwanafunzi wa somo la kompyuta aweza kujibu katika mtihani kwamba moduli ni sehemu ya programu inayojitegemea, na kwamba ngeli ni kiolezo ambacho kwacho vitu vya programu huundwa. Majibu hayo ni sahihi, naye hupata alama zake. Lakini akipewa programu nzima na kuulizwa kwa nini imekatwa hapa na si pale, mara nyingi hukosa la kusema. Kosa hilo si lake peke yake. Desturi ya kufundisha ngeli na urithi wake mapema, kwa mifano ya mbwa, paka na mnyama, kabla ya kufundisha sababu ya kuigawa programu, humfanya adhani kwamba ustadi wa kazi hii ni kuchora mti wa ukoo.

Hoja ya makala hii ni kwamba mpango huo wa mafunzo wafaa kugeuzwa. Moduli itangulie, ngeli ifuate. Na ukoo wa ngeli ufundishwe kuwa chombo kimoja miongoni mwa vyombo vya kulinda mipaka ya moduli, wala si lengo lenyewe. Ushahidi umo katika programu ambayo kazi yake huonekana kwa macho, nayo ni programu ipangayo madirisha ya kompyuta kama vigae vya sakafu.

Madirisha na vigae

Katika kompyuta nyingi za leo madirisha hulaliana kama karatasi zilizotupwa mezani, na mtumiaji hulazimika kuyasogeza kwa kipanya ili alione lililofichwa. Programu ya vigae hufuata njia nyingine. Kila dirisha jipya linapofunguliwa, programu huigawa skrini upya ili, kwa kawaida, madirisha yote yaonekane bila moja kulifunika jingine. Wazo hili si geni. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981 iliyapanga madirisha ubavu kwa ubavu, na Windows ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1985, ilifanya vivyo hivyo. Baadaye madirisha ya kulaliana yalitawala, lakini mtindo wa vigae haukufa. Umeendelea hasa katika mfumo wa Linux, kwa programu kama dwm ya mwaka 2006, xmonad ya mwaka 2007, na Qtile, iliyoanzishwa na Aldo Cortesi mwaka 2008. Qtile imeandikwa kwa lugha ya Python, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuisoma, kuibadili na kuigawa bila malipo. Kwa sababu hizo mbili yafaa kuwa kitabu cha darasani.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua skrini yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na usijali kingo za madirisha. Katika mpangilio uitwao MonadTall dirisha kuu hukaa upande mmoja, na mengine hupangwa upande wa pili, moja juu ya jingine. Yakiwapo madirisha manne, na skrini ikigawanywa nusu kwa nusu, dirisha kuu hupata nukta 960 kwa 1080, na kila moja la yale matatu hupata 960 kwa 360. Katika mpangilio wa MonadWide dirisha kuu hukaa juu na kupata 1920 kwa 540; matatu yaliyosalia hukaa chini, kila moja likiwa na 640 kwa 540. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuihakiki hesabu hii kwa kujumlisha maeneo, kwani jumla ni nukta 2,073,600 katika kila mpangilio.

Sasa madirisha na yawe manane. Katika MonadTall saba hubaki upande wa pili, nayo hayagawiki sawasawa: 1080 kwa 7 ni 154, na nukta 2 husalia. Hapana budi mtu aamue nukta hizo mbili ziende wapi. Uamuzi mdogo kama huo ndio mlango wa kuingilia katika maana ya moduli.

Siri ya moduli

Mwezi Desemba 1972 David Parnas alichapisha makala iliyolinganisha njia mbili za kuigawa programu moja ndogo ya kutengeneza faharasa. Njia ya kwanza ilifuata hatua za kazi, yaani kusoma mistari, kuzungusha maneno yake, kuyapanga kwa alfabeti na kuyachapa. Kila hatua ikawa moduli. Njia ya pili iliuliza swali jingine: ni maamuzi gani yaelekeayo kubadilika siku za usoni? Kila uamuzi wa namna hiyo ukafichwa ndani ya moduli yake. Programu zote mbili zilifaa kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini katika ile ya kwanza, kubadili namna mistari inavyohifadhiwa kulizigusa moduli zote. Katika ya pili kuliigusa moja tu.

Kwa hiyo moduli ni siri yenye mlango. Mlango ni zile amri chache zijulikanazo na wote, na siri ni jinsi amri hizo zinavyotekelezwa. Qtile yaonyesha jambo hilo waziwazi. Moduli ya mipangilio huficha hesabu: dirisha lipi lipate upana gani, na nukta za ziada ziende wapi. Moduli ya makundi hutunza habari za madirisha yapi yako pamoja. Moduli nyingine, iliyo chini kabisa, hushughulika na mfumo wa kuchora skrini. Mpangilio ukishamaliza hesabu yake huliagiza dirisha likae mahali fulani, kwa upana fulani na kimo fulani. Dirisha halielezwi hesabu ilifanywaje, wala mpangilio hauelezwi agizo litatekelezwaje.

Ngeli na ukoo wake

Neno ngeli halimtishi msomaji wa Kiswahili. Mwenye kujua kwamba kiti kimo katika ngeli ya KI-VI hajiulizi kila mara kiambishi kipi kitumike. Ngeli ikishajulikana, upatanisho wake umejulikana. Katika programu mambo ni vivyo hivyo: kitu kikishajulikana ngeli yake, hujulikana pia amri kitakazozitii. Tofauti ni kwamba ngeli za sarufi hazizaani, ilhali ngeli za programu hupangwa kwa ukoo, mtoto akirithi kwa mzazi, mithili ya wanabiolojia wanavyowapanga viumbe. Wazo hilo lilitoka Norway, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya Simula katika miaka ya 1960.

Katika Qtile ukoo wa mipangilio una ngazi chache. Juu ipo ngeli iitwayo Layout. Hiyo haipangi dirisha lolote; hutaja tu amri ambazo kila mpangilio hauna budi kuzitii, kama vile kulipokea dirisha jipya, kuliondoa lililofungwa, kuhamisha zamu kutoka dirisha moja hadi jingine, na kukokotoa mahali pa kila moja. Chini yake ipo ngeli ya kati itunzayo orodha moja ya madirisha, ili kila mpangilio usirudie kazi hiyo. Kutoka hapo huzaliwa mipangilio mingi: Max, ambao hulipa dirisha moja skrini nzima, Matrix, ambao huyapanga madirisha kwa safu, MonadTall, na mingineyo. Sehemu nyingine za programu hazina haja ya kujua ni mpangilio upi ulio kazini. Hutoa amri, na mpangilio wowote huitikia. Sharti la utaratibu huo lilielezwa na Barbara Liskov mwaka 1987: kitu cha ngeli ya mtoto kiweze kushika nafasi ya kitu cha ngeli ya mzazi bila programu kuharibika.

Lakini ukoo una madeni yake. MonadWide ni mtoto wa MonadTall. Je, mpana ni aina ya mrefu? La. Undugu wao ni wa kuazimana hesabu, si wa asili moja. Undugu huo hurahisisha kazi, maana hesabu haiandikwi mara mbili. Hata hivyo mtu atakayeirekebisha MonadTall atalazimika kuchungulia kama hajaivuruga MonadWide. Katika ukoo mfupi mzigo huo wabebeka. Katika ukoo wa ngazi kumi, babu akipiga chafya wajukuu huugua. Mwanafunzi aliyefundishwa mbwa na mnyama peke yake haonywi juu ya jambo hili, kwa sababu mbwa hakika ni mnyama, na mfano wake haubadiliki kamwe.

Siku ya majaribio

Thamani ya mgawanyo wa programu haionekani siku programu inapoandikwa. Huonekana siku mazingira yake yanapobadilika. Kwa miaka mingi programu hizi zilitegemea X11, mfumo wa kuchora madirisha uliotolewa mwaka 1987 kutokana na kazi iliyoanzia MIT mwaka 1984. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha mfumo wa kuurithi, uitwao Wayland. Badiliko hilo lilikuwa la msingi. Chini ya X11 programu ipangayo madirisha ni mteja mmoja tu wa seva ya skrini. Chini ya Wayland yenyewe huwa seva, ikapokea vibonyezo na kuunganisha picha za madirisha yote.

Programu mbalimbali ziliukabili mtihani huo kwa njia mbalimbali. Watumiaji wa i3, programu ya mwaka 2009, walipata programu nyingine, Sway, iliyoandikwa kufuata tabia za i3. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2019. Waliozoea dwm waliandikiwa programu mpya iitwayo dwl. Qtile ilibaki Qtile. Mwaka 2021 iliongezewa moduli ya Wayland kando ya ile ya X11. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwani mambo ya X11 yaliyokuwa yametapakaa yalibidi kwanza yakusanywe nyuma ya ukuta mmoja. Lakini ukuta ulipokwisha kujengwa, ngeli ya dirisha iliweza kuwa na watoto wawili, mmoja ajuaye X11 na mwingine ajuaye Wayland, na mipangilio ikaendelea kutoa maagizo yale yale bila kuuliza inasema na yupi.

Yafaa izingatiwe ni kipi kilichookoa jahazi. Haukuwa urefu wa ukoo wa ngeli, bali mpaka: hesabu ya vigae upande mmoja, uchoraji wa skrini upande mwingine. Ukoo ulikuja kuukamilisha mpaka huo.

Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa kwamba dwm haina ngeli hata moja, na bado yasifiwa. Imeandikwa kwa lugha ya C, na watungaji wake walijiwekea kikomo cha mistari 2000. Kila mpangilio ndani yake ni kanuni moja ya kukokotoa iliyoorodheshwa katika jedwali; atakaye mpangilio mpya huongeza kanuni na kuiorodhesha. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halivunji hoja, laipa nguvu. Jedwali lile ni mlango, na kanuni ni siri. Moduli yaweza kuishi bila ngeli, bali ngeli bila moduli ni ukoo usio na nyumba.

Pingamizi la pili ni kwamba lugha ya Python imejaa vitu na ngeli, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuzikwepa. Ni kweli hawezi kukwepa kuzitumia. Lakini kutumia kitu kilichoundwa na mwingine ni jambo moja, na kubuni ukoo mpya ni jambo lingine. La kwanza lafaa tangu siku ya kwanza. La pili lingoje mwanafunzi ajue anachokilinda.

Yafaayo kufanywa darasani

Somo hili halihitaji kompyuta kwa kuanzia. Mwalimu na aligawe darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lipewe ukubwa wa skrini na idadi ya madirisha, nalo litoe vipimo vya kila dirisha. Kundi la pili lipokee vipimo hivyo na kuchora mistatili katika karatasi ya miraba. Makundi yakubaliane jambo moja tu, yaani vipimo viandikwe kwa utaratibu gani. Kisha mwalimu abadili sharti: skrini iwe ya nukta 1366 kwa 768, au mpangilio uwe wa MonadWide, au mchoro ufanywe ubaoni badala ya karatasini. Kila mara aulize ni kundi lipi limelazimika kufanya kazi upya. Ikiwa ni yote mawili, mpaka uliwekwa vibaya, na wanafunzi wautafute ulio bora.

Baada ya zoezi hilo darasa lisome sehemu ya mipangilio ya Qtile, mpangilio mmoja kwa juma. Ngeli ifundishwe hapo, wanafunzi wanapokuwa tayari wameona kwamba mipangilio mitano inarudia orodha ile ile ya madirisha, na wao wenyewe wametamani iandikwe mara moja tu. Mitihani nayo ibadilike. Badala ya kuuliza moduli ni nini, na iulize moduli hii yaficha uamuzi gani, na ni nani atakayesumbuka uamuzi huo ukibadilika.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Uamuzi mmoja ukishikwa na moduli nyingi, programu nayo huenda mrama. Kijana atakayejifunza kuupa kila uamuzi nahodha mmoja ataweza kuandika kwa lugha yoyote itakayokuja, na kazi yake itadumu hata X11 ya zama zake itakapoondoka.