Mwacheni mzee amalize

KITI CHA KINYOZI
Na Mzee Kipara

Yule msomaji wa Kisauni anayeniandikia kila mwezi akiuliza mtu mwenye upara kama sahani anafuata nini kwa kinyozi, wiki hii namjibu: nafuata televisheni. Ya kwangu mnajua iliko. Iko kwa fundi tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na fundi anasema inasubiri kipuri. Mimi na kipuri hicho tutakutana ahera.

Basi Jumanne baada ya alasiri nimekaa kitini, shuka shingoni, kijana wangu ananipitishia mashine kwenye zile nywele chache zilizobaki juu ya masikio, na ukutani kuna kipindi cha mazungumzo. Stesheni siitaji, umri wangu ni wa kupumzika, si wa kuzunguka mahakamani. Mtangazaji ni kijana mtanashati, koti rangi ya embe bivu, viatu bila soksi. Mgeni wake ni mwanamuziki mkongwe wa dansi. Naye simtaji, ila kwa sababu nyingine: namheshimu, na aliyofanyiwa siku ile hayafai kukaa ukurasa mmoja na jina lake. Itoshe tu kwamba kama uliwahi kuvaa suruali ya bugaluu, umetoka jasho kwa ajili ya gitaa lake.

Mzee amevaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wa suruali ungekata mkate. Kofia ameilaza gotini. Mtu akivaa hivyo kwenda studio, jueni ana jambo la kusema. Nikamwambia kijana azime mashine kwanza, inanizibia masikio.

Swali la kwanza: "Mzee, enzi zenu madem walikuwa wanawafuata sana, ama?" Mzee akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekanyagwa ndani ya matatu na hataki ugomvi. Swali la pili: anaendesha gari gani? Akajibu kwamba hana gari. Kijana akaitazama kamera, akacheka, kana kwamba mimi na yeye tuna siri. La tatu, na hapa nusura niteleze kitini, lilikuwa zuri. Sijui lilimtokaje, nashuku alisomewa sikioni. Akauliza ile rekodi yao iliyowatoa ilirekodiwa vipi.

Mzee akajiweka sawa. Akaihamisha kofia kutoka goti la kulia kwenda la kushoto. Akasema, "Usiku ule umeme ulikatika, na mpiga tarumbeta alikuwa ameshalia..."

"Sasa, mzee wetu!" kijana akadakia. "Ni wakati wa chalenji!"

Ikaletwa sahani ya pilipili. Sheria ni kwamba unaulizwa swali la aibu, ukikataa kujibu unatafuna pilipili moja. Kando ya sahani iliwekwa chupa ya sharubati ya mdhamini, lebo imegeuziwa kamera, nadhani kwa ajili ya kuzimia moto. Mzee wa miaka sabini na kitu aliulizwa habari za vitandani mbele ya taifa. Akaitazama sahani, akamtazama kijana, akachukua pilipili. Akala tatu. Hakujibu hata swali moja. Machozi yalimtoka, na ukumbi ukapiga makofi.

Sasa mimi nimelala siku nne na jambo moja. Mpiga tarumbeta alilia nini? Nani alimliza? Alifiwa, aliachwa, au alikosea noti? Na kama umeme ulikatika, ile rekodi ambayo nchi nzima inaijua ilitoka wapi? Nimemuuliza waziri wa fedha wa nyumba yangu, akasema labda alikuwa hajalipwa. Huyo naye huona kila kitu kupitia ankara.

Nasema hivi, na wa kununa anune: yule si mtangazaji. Ni kizibo cha kujaza nafasi kati ya tangazo na tangazo. Kazi ya anayeketi kiti kile ni moja tu, kuuliza halafu kunyamaza, na hiyo ya kunyamaza ndiyo inayolipiwa mshahara, kwa sababu kuuliza hata mtoto wa chekechea anauliza. Na chanzo cha haya yote ni simu. Msiniletee nadharia za vyuo vikuu. Niliiona kwa macho yangu, imelala juu ya paja lake muda wote, na kila mzee alipofungua mdomo kijana aliinama kuisoma.

Kinyozi wangu, ambaye ana umri wa mwanangu wa mwisho na anapenda kunichokoza, akauliza, "Kwani Mzee, zamani vilikuwa vizuri? Au ni vile tu mlikuwa na stesheni moja?"

Swali la haki. Stesheni ilikuwa moja kweli, na mengi yake yalikuwa ya kusinzisha, ninyi hamkuwahi kuonyeshwa sherehe za kufungua josho la ng'ombe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini tulikuwa na mtangazaji marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza mwaka 1966 kutuuliza katika kipindi chake kama huu ni ungwana, na alipokuuliza hakukuletea sahani. Alikuacha na swali lako ukahangaike nalo nyumbani.

Ila aliyenijia akilini Jumanne si Mbotela. Ni Harry Belafonte.

Wenzangu wa rika langu wameshatabasamu. Vijana, kaeni vizuri. Baba yangu alikuwa na santuri ya mwaka 1965 ya Belafonte na Miriam Makeba, ile ambayo ndani yake mna "Malaika". (Nani hasa aliutunga wimbo ule, tafadhali, msianze. Mara ya mwisho nilipougusa nilipata barua hadi nikazifungia maandazi.) Mwaka 1966 santuri hiyo ikapewa tuzo ya Grammy huko Marekani. Baba hakujua Grammy ni nini. Alichojua ni kwamba kuna mtu wa New York, mtoto wa Harlem aliyelelewa kwa sehemu Jamaika, anaimba kwa lugha yetu sebuleni mwetu, na hilo kwake lilikuwa heshima kubwa kuliko ya Umoja wa Mataifa. Santuri ikipigwa, sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Ilikuwa na mkwaruzo mahali fulani katikati, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule kwingine popote, moyo wangu huruka pale pale penye mkwaruzo.

Mtu yule hakuwa mwimbaji tu. Mwaka 1954 alipata tuzo ya Tony kwa kazi yake jukwaani, na mwaka huo huo alikuwa nyota wa filamu ya Carmen Jones. Santuri yake ya Calypso ya mwaka 1956 iliuzwa zaidi ya nakala milioni. Mwaka 1960 akapata Emmy kwa kipindi chake cha televisheni, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Na sisi tuna deni lake jingine. Mwanasiasa wetu Tom Mboya alipokuwa anatafuta nauli za kupeleka wanafunzi wetu Marekani mwaka 1959, barua ya kuchangisha ilitiwa saini na Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba ya mwaka huo vijana 81 wakapanda ndege. Wengine wao walirudi wakawa wakubwa wenu, mliowapigia saluti na kuwalaani.

Lakini nilikuwa kwenye habari ya kiti cha mtangazaji. Februari 1968 Johnny Carson, mwenye kipindi cha usiku kilichotazamwa Marekani nzima, alimwachia Belafonte kiti chake wiki nzima. Ilikuwa haijawahi kutokea mtu mweusi kukalia kiti kile kwa wiki nzima. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya: vita vya Vietnam vimepamba moto, na kiangazi kilichopita Newark na Detroit zimewaka. Yeye akaalika wageni 25, na 15 kati yao walikuwa weusi. Aretha Franklin alikuwemo. Paul Newman alikuwemo. Wilt Chamberlain, lile jitu la mpira wa kikapu, alikuwemo. Na alikuwemo Marianne Moore, mshairi, bibi wa miaka 80. Bibi wa miaka 80, mshairi, kwenye kipindi cha burudani cha usiku. Wala hakuna aliyempa pilipili.

Kipindi kile sikukiona wakati ule, wala nisingeweza. Nimekiona majuzi, baada ya mjukuu wangu kunitafutia kwenye simu. Ndiyo, simu. Najua nimesema nini juu ya simu, msihangaike kuniandikia.

Kilichobaki cha wiki ile ni kidogo. Mgeni ni Martin Luther King. Ndege iliyomleta ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo anaanza na mzaha: asije mtu akadhani kwamba yeye, mchungaji wa Kibaptisti, hana imani na Mungu wa angani, ni vile tu kwamba uzoefu wake na Mungu wa ardhini ni mkubwa zaidi. Watu wanacheka. Belafonte anacheka pia, lakini hadandii mzaha ule kuongeza wa kwake, na kwa mtu aliyezoea jukwaa hilo ni gumu kuliko kuimba. Baadaye anamuuliza habari ya kuhofia maisha yake. Hilo ndilo swali la aibu hasa, wala si mambo ya vitandani. King anajibu taratibu, kwamba kinachomshughulisha si urefu wa kuishi bali uzuri wa kuishi. Belafonte anamwacha afike mwisho wa maneno yake. Nilijikuta nimeshika pumzi kama enzi za santuri ya baba.

Miezi miwili haikutimia, King akapigwa risasi Memphis. Seneta Robert Kennedy, aliyekaa kwenye kochi lile lile wiki ile ile, akafuata mwezi Juni. Hebu fikiria kama angetokea kijana wa koti la embe akamdakia King katikati ya sentensi ile.

Na wadhamini? Wadhamini walikuwepo, tena wabaya kuliko wa sharubati. Mwaka huo huo Petula Clark, mwimbaji wa Uingereza, akiimba na Belafonte katika kipindi cha Petula mwenyewe, alimshika mkono. Mkono tu. Mtu wa kampuni ya magari iliyodhamini akaja juu, akitaka kipande kingine ambacho hawagusani. Mama yule na mumewe wakaviharibu vipande vingine vyote, kikabaki kimoja tu cha kutangaza, chenye mkono. Siku hizi mdhamini hahitaji hata kukohoa. Tunamgeuzia lebo wenyewe.

Jambo linaloniuma zaidi katika habari ya wiki ile ya 1968 ni kwamba sehemu yake kubwa haipo tena. Siku zile mikanda ya televisheni ilikuwa ghali, stesheni zilifuta na kurekodi vingine juu yake. Aretha amefutwa. Bibi mshairi amefutwa. Yamebaki mazungumzo ya King na ya Kennedy tu. Mwaka 2020 ilibidi watengeneze filamu nzima kueleza kitu ambacho wengi hawawezi tena kukiona. Belafonte mwenyewe alifariki Aprili 2023, ana miaka 96.

Pilipili je? Hiyo haifutiki. Ijumaa kinyozi wangu alinipigia, akasema kipande kimewekwa mtandaoni, kimekatwa vizuri, watu wanakigombania. Sauti yake ilikuwa na huruma kidogo, kama ya mtu anayekuarifu msiba wa mbali. Mjukuu akanifungulia. Rekodi haimo, umeme haumo, mpiga tarumbeta hayumo. Ni kula, machozi, makofi, kula, machozi, makofi.

"Babu, kipindi kizima nacho kipo," akasema mjukuu. "Unataka?"

Nikataka. Tukakisukuma mpaka mwisho kabisa, pale kijana wa koti la embe anapoaga, muziki unapanda na majina ya waliotengeneza yanaanza kupita juu ya picha. Kijana ameshachukua simu yake pajani. Mzee amemgeukia aliyekuja kumvua kipaza sauti, kibarua wa studio, msichana mdogo mwenye waya begani, na anamsimulia. Midomo inakwenda, sauti haipo. Msichana ameacha kuvuta waya, amesimama na kumsikiliza. Mkono mmoja wa mzee umeshika tarumbeta isiyoonekana, vidole vinabonyeza. Wa pili unafuta macho, na sidhani ni ya pilipili.

Halafu ikaja chupa ya sharubati, skrini nzima.