Ukurasa wa Mwalimu: Kazi ya mbali, na simu ya waya hatuna

  Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya mitihani, lakini mitihani itangoja kidogo. Kuna jambo limekuja na naona linagusa nyumba nyingi.

Binti mmoja wa darasa letu la jioni, jina nalihifadhi, alikuja kwangu na simu mkononi, macho mekundu. Alikuwa ameona tangazo la kazi ya kufanyia nyumbani. Kampuni ya nje inatafuta watu wa kuongea na wateja kwa simu. Kifaransa anakijua vizuri, alimaliza sekondari kule Uvira, na Kiingereza anakisukuma-sukuma. Akajaza fomu yote kwa saa nzima, inite zikaliwa. Ukurasa wa mwisho wakamuuliza: nyumbani kwako una simu ya mezani, ile ya waya? Akajibu hapana. Palepale fomu ikafungwa.

"Mwalimu," akaniambia, "wananiomba simu ya waya. Nyumba yetu ni ya shitingi, hiyo waya itaingilia wapi? Si waseme tu kwamba mkimbizi hatakiwi."

Nikamwambia, ngoja dada, tuitazame hiyo waya kwanza.

KWA NINI WANATAKA WAYA

Kazi za kuongea na wateja ukiwa nyumbani zilienea sana Marekani miaka ya 2000. Kampuni kama LiveOps zilipeleka simu za wateja mpaka nyumbani kwa mfanyakazi. Simu ya mkononi wakati ule ilikuwa inakatika-katika, na sauti inachelewa. Mteja akiwa anataka kununua kitu, simu ikikatika, pesa imepotea. Ndiyo maana walitaka waya. Na tena waya inaonyesha kwamba kweli unakaa mahali ulipoandika. Kazi nyingi za namna hiyo ni kwa watu wanaokaa nchi ileile yenye kampuni, kwa hiyo hata ungekuwa na waya kumi, bado wangekukataa.

Siku hizi kampuni nyingi zimehama kwenye intaneti, lakini masharti ya zamani bado yamebaki kwenye baadhi ya fomu.

Mwezi huohuo nilipata karatasi ya kutoka kambini nikashuka Bujumbura kumwona mjomba wangu anayeugua. Nikiwa Buyenzi niliulizia hili jambo la simu ya waya. Wazee pale wakacheka. Mmoja akaniambia hizo za ONATEL, namba zinazoanza na 22, zilikuwa za maofisi, mahoteli, misheni na nyumba za wakubwa. Mtu wa kawaida alikwenda kupanga mstari kupiga. Halafu simu za mkononi zikaja, na Lumitel alipoanza mwaka 2015 hata mama muuza ndagala akawa na yake. Akasema, "Mwalimu, sisi tuliiruka hiyo waya kama mtu anavyoruka mtaro."

Kwa hiyo dada yangu, si wewe peke yako. Hata Bujumbura yenyewe nyumba nyingi hazina waya.

KAZI AMBAZO HAKUNA ATAKAYESIKIA SAUTI YAKO

Siri ni hii: simu ya waya inatakiwa pale kazi ikiwa ni ya mdomo. Tafuta kazi ya masikio, macho na vidole. Hapo hawaulizi waya. Wanauliza namba ya simu ya mkononi tu, ili wakutumie tarakimu za kuhakikisha kwamba ni wewe. Kwa hiyo tunza laini yako, iandikishwe kwa jina lako, na usitumie laini ya jirani. Siku jirani akihama, kazi yako imehama naye.

Ya kwanza ni kuandika sauti. Watafiti na mashirika wanahoji watu, wanarekodi, halafu wanatafuta mtu wa kusikiliza na kuandika neno kwa neno. Ujue kwamba sauti ya saa moja inamchukua mzoefu kama saa nne kuiandika, na anayeanza saa sita au zaidi. Uzuri wake ni kwamba faili ya sauti ya saa moja ni kama mega 30 mpaka 60 tu. Unaipakua asubuhi mtandao ukiwa mzuri, unafanya kazi bila intaneti, jioni unatuma maandishi ambayo hayali hata mega moja.

Ya pili ni kutafsiri. Hapa sisi ni matajiri na hatujui. Nyumba moja hapa kambini unakuta Kiswahili, Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi, Kifaransa na Lingala. Wakati wa Ebola kule Kivu Kaskazini, kati ya mwaka 2018 na 2020, shirika la Translators without Borders lilifanya uchunguzi Goma na Beni. Likakuta kwamba watu wengi hawakuelewa vizuri ujumbe wa Kifaransa wala wa Kiswahili cha vitabuni. Walitaka Kiswahili cha kwao. Yaani kile Kiswahili ambacho mimi mwalimu wenu nawasahihisha kila siku, kuna mahali kinaokoa maisha! Shirika hilo siku hizi liko chini ya jina la CLEAR Global. Watafsiri wake wengi ni wa kujitolea, hawalipwi, lakini mtu anayeanza anapata mazoezi na anapata kitu cha kuonyesha.

Ya tatu ni kazi ndogondogo za kompyuta: kuingiza majina na hesabu kwenye jedwali, au kuweka alama kwenye picha, hii ni gari, huyu ni mtu. Mkimbizi kuifanya si ndoto. Mwaka 2009 wakimbizi wa Dadaab, Kenya, walikuwa wanafanya kazi hizo kwa kompyuta kupitia Samasource, shirika lililoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008. Baadaye Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, pamoja na Baraza la Wakimbizi la Norway wakafundisha vijana wa Dadaab na Kakuma kujitafutia kazi za mtandaoni wenyewe. Hakuna kati yao aliyevutiwa waya kwenye hema.

Lakini nisiwapake asali. Kazi hizo zina miiba. Mwaka 2023 gazeti la TIME liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wanasoma maandishi machafu ili kuisafisha ChatGPT walipata chini ya dola 2 kwa saa, na wengine yale waliyoyasoma yaliwaumiza akili. Machi 2024 mtandao wa Remotasks uliacha kufanya kazi Kenya, na watu waliouzoea wakajikuta hawana pa kuingilia. Kwa hiyo kazi ya mbali iwe shamba la pili. Usiache la kwanza.

MAULIZO MANNE KABLA YA KUJAZA FOMU

Moja, je, nchi yetu imo kwenye orodha yao? Iangalie mwanzoni, si baada ya kumaliza inite.

Mbili, pesa itafika kwa njia gani? Wengi wanalipa kwenye akaunti za nje ambazo mkimbizi ni vigumu kuzifungua. Ukiona njia unayoiweza haipo, usianze. Usiseme utaazima akaunti ya mtu, maana siku atakapokataa kukupa pesa yako, hutakuwa na pa kumshitaki.

Tatu, kwa saa moja napata nini? Tuseme wanakupa dola 9 kwa sauti ya saa moja. Ukiiandika kwa saa sita, umepata dola moja na nusu kwa saa. Toa inite, toa kuchaji. Kinachobaki ndicho mshahara wako. Ukikubali, ukubali ukiwa unajua.

Nne, wanataka nilipe kitu? Hapo nitawaambia habari yangu mwenyewe, na mnisamehe kwa kuwaficha muda mrefu.

Mwaka juzi mimi nilipata ujumbe wa kazi ya kuchapa vitabu kwa kompyuta. Barua ilikuwa na muhuri na picha ya jengo kubwa. Wakasema nimekubaliwa, ila nitume 60,000 za Burundi za kufungua faili. Primu yangu ya ualimu ya mwezi ule haikutosha, nikakopa kwa mama yangu. Alikuwa amezitunza kwa ajili ya viatu na madaftari vya mdogo wangu. Nikatuma. Baada ya siku tatu wakasema bado 40,000 za kodi. Ndipo nikaamka. Nikapiga simu, ikalia mara mbili, halafu haikupatikana tena mpaka leo. Mdogo wangu alianza mwaka wa shule na ndala. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe ndiye mwalimu?" Neno hilo liliniingia kuliko kiboko.

Kwa hiyo nasema kama mtu aliyeungua: kazi ya kweli inakulipa wewe, wewe huilipi. Ukiombwa ada ya faili, ada ya mafunzo, ada ya kifaa, funga. Usimpe mtu tarakimu za siri za Lumicash au EcoCash. Picha ya kadi yako ya ukimbizi usiitume kwa mtu usiyemjua. Na kazi ya mbali ambayo ghafla inageuka kuwa safari, "tutakukatia tiketi uje Asia," hiyo ikimbieni kabisa. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo baada ya raia wake kudanganywa kwa kazi nzuri Thailand, kumbe walipelekwa Myanmar kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

ANZENI KARIBU

Jambo nililojifunza Bujumbura ni kwamba kazi ya mbali si lazima itoke mbali sana. Mjini kuna mashirika, vyuo na watafiti wanaohitaji mahojiano yaandikwe na karatasi zitafsiriwe. Hao wanalipa kwa Lumicash, hawahitaji benki ya nje, na ukidhulumiwa unajua mlango wa kugonga. Andika barua fupi: mimi ni nani, lugha ninazozijua, kasi yangu ya kuandika, na ukurasa mmoja wa mfano wa kazi yangu. Barua moja isiyo na makosa inashinda fomu ishirini za kubahatisha. Kabla ya kuanza kulipwa, ulizeni pia ofisi ya ONPRA kuhusu utaratibu, ili msije mkajitia matatani.

Mazoezi ni hapahapa. Kompyuta za kituo cha vijana mara nyingi mchana zinakaa bure. Jifunze kuandika kwa vidole vyote bila kuangalia. Ukifika maneno 40 kwa dakika, hata wewe utajishangaa.

Sasa nageukia wazazi. Baba, mama, mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa, na kila mtu anajua maana yake kwenye sufuria. Kijana anapokaa mbele ya kompyuta mnaona kama anacheza. Muulizeni anafanya nini, akuonyesheni. Akisema kuna pesa ya kutuma kwanza, mzuieni, hata akikasirika. Akiwa na kazi ya kweli, mpeni saa mbili za utulivu. Hasa wasichana. Mvulana akisema ana kazi anaachwa, msichana anaambiwa maji yamekwisha, mtoto analia, moto umezimika. Vidole vilevile vya kuandika ndivyo vinavyoosha vyombo vyote vya nyumba. Hiyo nayo ni waya inayokosekana, na hiyo tunaweza kuivuta wenyewe.

Yule binti tuliandika naye barua tatu za kwenda Bujumbura. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu wakamtumia ukurasa mmoja wa majaribio, maelezo ya kunyonyesha watoto, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili chetu. Akakosea mambo mawili, wakamrudishia, akarekebisha. Wiki mbili baadaye wakampa kurasa sita. Pesa iliingia kwenye simu yake ileile ya mkononi, yenye kioo kilichopasuka. Haikuwa nyingi. Alinunua sabuni, mafuta ya kula, na inite za kutafutia kazi inayofuata. Bado anangoja hiyo inayofuata, na sijui itakuja lini. Lakini macho si mekundu tena.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tutalima na tulilo nalo.

Mwenye swali aliandike kwenye karatasi alitie ndani ya kisanduku cha mlango wa shule. Anayetaka kujifunza kuandika kwa kompyuta aje Jumatano na Ijumaa baada ya saa tisa. Mwezi ujao nitaandika juu ya mitihani, hii mara ya kweli.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.